Kipepeo wa Doña Orfilia na shahidi wa pili

Saa tatu asubuhi jua linapenya ukungu wa mlima hapa Dos Chorros, na Orfilia Cuesta anageuza kibao chake upande mwekundu. Lori la ndizi linasimama. Nyuma yake linasimama basi dogo, pikipiki mbili na gari la maziwa. Orfilia hawatazami madereva. Macho yake yako kwenye mchanga wa kando ya mtaro.

Dereva wa ndizi anashuka, anajinyoosha mgongo, kisha anaelekea vichakani.

“Si huko, mwanangu,” Orfilia anamwambia bila kugeuka. “Kama imekubana, maliza pale kwenye mchanga. Kuna wanaokungoja.”

Kijana anacheka na kutii. Mgeni angeshangaa, lakini sisi tunaoishi kando ya barabara hii tumeshazoea. Haja ndogo ya madereva ina chumvi, na jua likishaupasha mchanga, vipepeo hushuka kwa makumi kuinyonya. Wapo wa manjano, wapo weusi wenye mkanda wa kijani, na wapo wale wadogo wenye namba themanini na nane chini ya bawa, namba ambayo nusu ya wilaya hii hukimbilia kuichezea kwenye bahati nasibu na kuliwa fedha zao.

Orfilia, mwenye umri wa miaka 53, hachezi bahati nasibu. Yeye anamtafuta kipepeo mmoja tu, na amebakiwa na siku chache za kumpata.

Kazi yake ni kushika kibao. Mlima uliporomoka na kula nusu ya barabara, na tangu hapo mkandarasi anajenga ukuta wa kuzuia udongo huku magari yakipita kwa zamu kwenye upande uliobaki. Orfilia anasimama chini. Juu, baada ya kona, anasimama mwenzake Argemiro Rentería, mwanamume wa miaka sitini hivi aliyezaliwa kwenye mashamba ya kahawa na ambaye hajawahi kukosa neno la kusema.

Kila mmoja ana simu ya upepo, lakini mawimbi yake hayavuki kona. Ndiyo maana wanatumia kijiti chenye kitambaa chekundu. Dereva wa mwisho kwenye msafara hukabidhiwa kijiti, naye hukifikisha upande wa pili. Anayekipokea anajua njia iko tupu, anageuza kibao kijani, na wengine wanapita. Pamoja na kijiti husafiri pia salamu, umbea na maagizo ya sigara.

Malipo ni kima cha chini cha mshahara, na mvua ikiwa kubwa siku hiyo hailipwi. Orfilia amesomesha binti kwa fedha hizo, na halalamiki. “Nimefanya kazi za jikoni, nimefua nguo za watu,” anasema. “Hii ndiyo kazi ya kwanza kunilipa kwa kusimama na kutazama.”

Kutazama vipepeo alianza kabla ya kibao. Hapa kwetu kuna kikundi kinachokutana kila Jumapili kwenye duka la mikate la Ovidio Lasso. Humo yumo fundi cherehani, mpishi wa shule na dereva mstaafu wa basi. Hawabebi nyavu, wala hawabandiki kipepeo kwa pini. Wanakwenda, wanatazama, kisha wanarudi kunywa kahawa na kubishana. Kipepeo aliyekubalika huchorwa na Ovidio mwenyewe kwenye ukuta wa duka, na ukuta huo sasa umejaa mabawa kuanzia kwenye kaunta hadi karibu na dari.

Ila kukubalika kuna masharti. Kipepeo lazima aonwe na watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake au kwa pamoja. Wa kwanza anaeleza aliyoyaona lakini anaficha alama moja, haisemi hata kwa mumewe. Wa pili anatakiwa aitaje alama hiyo mwenyewe, bila kuulizwa. Akiitaja, yeye ndiye anayepewa heshima ya kumpa kipepeo jina.

Sharti hilo liliwekwa zamani, baada ya mtu kudai ameona kipepeo wa rangi ya dhahabu na wenzake watano, kwa aibu ya kuonekana vipofu, wakasema nao wamemwona. Baadaye ikajulikana ilikuwa karatasi ya peremende. Ovidio alikuwa ameshamchora. Kila akilipita lile doa la rangi nyeupe alilofunikia, anashika kichwa.

Mwaka jana, asubuhi moja baada ya mvua, kipepeo asiyejulikana alitua kwenye glovu ya Orfilia. Juu alikuwa wa buluu iliyokolea kama sufuria ya bati iliyopakwa rangi, na kando ya bawa alikuwa na ukingo wa chungwa. Chini alikuwa wa kahawia, mwenye mistari myembamba, pamoja na alama moja ambayo Orfilia hakuisema. Alikaa pale muda wa basi kupita. Kisha akaondoka.

Jumapili Orfilia alieleza. Watu wakasikiliza, wakatafuta, wakatafuta tena. Hakuna aliyemwona.

“Orfilia namwamini,” Ovidio aliniambia akipangua mikate kwenye trei. “Ila ukuta haumwamini mtu mmoja.” Hata hivyo, juu ya mlango wa tanuri ameacha nafasi ya upana wa viganja viwili, na mtu akimuuliza kwa nini hapachori, anajifanya hakusikia.

Barabarani hawakuwa wapole hivyo. Wajenzi wa ukuta walimpachika jina la Shahidi Mmoja, na likamganda. Utingo wa malori wakipita humwonyesha mfuko wa plastiki unaopeperuka na kumuuliza kama ndiye yeye. Binti yake aliyeko mjini Cali alimsihi aende akapimwe macho.

“Nikaenda,” Orfilia anasema. “Daktari akaniambia macho yangu ni mazima kabisa. Nilitoka pale nina huzuni kuliko nilivyoingia.”

Alipoulizwa kwa nini, aligeuza kibao, akaruhusu magari yapite, ndipo akajibu. “Macho yakiwa mazima, labda kibovu ni kichwa. Kuchekwa nimezoea. Kibaya ni pale unapoanza kujicheka mwenyewe. Usiku nalala najiuliza, hivi kweli nilimwona, au nilitaka tu kuwa na kitu changu?”

Ukuta wa mlimani unakamilika Ijumaa hii. Jumamosi barabara itafunguliwa pande zote mbili, na washika vibao watarudi nyumbani. Hakutakuwa na foleni tena. Pasipo foleni hakuna dereva atakayeshuka, na asiposhuka mtu, mchanga utabaki mchanga. Vipepeo hawatakuwa na sababu ya kuja.

Jumanne, wakati wa chakula, Argemiro alishuka kutoka kwenye kituo chake na bakuli la maharage na ndizi za kukaanga. Msimamizi alikuwa amefunga njia ili winchi ipite, kwa hiyo wote wawili walikuwa na nafasi. Alikaa juu ya jiwe, akala nusu, kisha akasema alichokuja kukisema.

“Jirani, nimefikiri. Niambie hiyo alama yako.”

“Ya nini?”

“Jumapili nikasimame pale kwa Ovidio niseme nami nimemwona. Natoa alama, anachorwa, yanaisha. Mimi nikisema uongo Mungu hashtuki, ananijua.”

Orfilia aliinamia bakuli lake. Mwandishi wa makala haya alikuwa pembeni na anaweza kushuhudia kwamba mama huyu hakukataa haraka. Alikunja kitambaa cha kijiti, akakikunjua, akakikunja tena.

“Nitakuwa napita pale dukani kila Jumapili,” alisema mwishowe. “Watu watakuwa wanamtazama, wanamsifu. Mimi peke yangu nitajua kwamba bado ni shahidi mmoja. Hapana, jirani. Asante, lakini hapana.”

Argemiro alisema sawa, kama unataka kufa na kiburi chako ni juu yako. Akabeba bakuli akapanda mlima, na mchana wote kijiti kilikuja bila salamu.

Jioni ile Orfilia alimnong'oneza mwandishi ile alama, baada ya kumwapisha kwa mama yake mzazi. Alitaka, alisema, iwe mahali pengine nje ya kichwa chake. Nami niliitunza.

Jumatano jua lilitoka mapema. Saa nne msafara wa kutoka juu ulichelewa. Ukachelewa sana. Foleni ya chini ikafika hadi darajani, na honi zikaanza. Dereva wa basi alimuuliza Orfilia kama mwenzake amelala, naye akamjibu kwamba Argemiro ana makosa mengi lakini hilo halimo. Nilimwona akitembea huku na huku. Alihofia mlima umeshuka tena.

Hatimaye magari yakatokea konani, yakapita moja baada ya jingine, madereva wakiwa wamenuna. La mwisho lilikuwa gari la maziwa likirudi na makopo matupu. Dereva wake, Wilmar, mtu asiyependa mzaha, alitoa kijiti dirishani.

“Mzee wako wa juu ana wazimu leo,” alisema. “Katusimamisha kibao kikiwa chekundu na njia iko wazi. Amechuchumaa kwenye mchanga kama kuku anayetaga, anatukataza hata kukohoa.”

Orfilia alipokea kijiti. “Kasema nini?”

“Kasema nikwambie neno kwa neno, ati nikikosea atanivunja kioo. Chini yake kuna punje mbili za kahawa mbivu, na moja imemenywa nusu.” Wilmar alikunja uso. “Anataka kahawa, au?”

Orfilia hakumjibu. Alikaa chini pale pale kwenye lami, katikati ya njia yake, kibao kikiwa mapajani, na akalia. Alilia kwa sauti, kama analia msiba, na abiria wa basi walishuka kumuuliza amefiwa na nani. Ilibidi niwaeleze mimi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa alama yenyewe. Ni madoa mawili mekundu chini ya bawa la nyuma, la pili likiwa jeupe upande mmoja. Orfilia aliponinong'oneza alikuwa ameyaita matone ya nta. Ilihitaji mtoto wa mashamba ya kahawa kuyaona kama punje.

Argemiro, nilipomfuata juu, alijitetea kwamba hakuwa akimtafuta. Alikuwa amekasirika tu. Tangu Jumanne, alisema, alikuwa akiutazama mchanga wake kwa hasira, apate hoja ya kumwambia yule mwanamke hakuna kitu. “Na kikatua,” alisema, akivua kofia. “Miaka yote hii nimesimama hapa sijatazama chini hata siku moja. Nimemcheka mtu anayeona, na kipofu ni mimi.”

Kuhusu jina, hakufikiri sana. Amemwita Jirani.

Ovidio amekwisha kuchanganya rangi, na juu ya mlango wa tanuri pamefutwa vumbi. Jumapili Argemiro atakaa kwenye meza ya kikundi kwa mara ya kwanza, na ameshaanza kulalamika kwamba kahawa ya pale ni nyepesi.

Kwa Orfilia, habari ingeweza kuishia hapo. Lakini Alhamisi asubuhi, siku ya kabla ya mwisho, gari la maziwa lilileta kijiti, Wilmar akiwa amechoshwa na watu wote wa barabara hii. Alisema Argemiro, akiwa peke yake, amemwona kipepeo mwingine. Ni wa rangi ya majivu, mwenye mikia mirefu. Ana alama moja ambayo mzee hasemi.

Orfilia alicheka hadi akaegemea kibao.

Tangu hapo amebadilisha mipango yake. Alikuwa amefikiria kumfuata binti yake Cali. Sasa amezungumza na mwenye kiwanja kilicho kando ya mtaro, na mwezi ujao atafungua banda la kahawa na mikate ya mahindi papo hapo, mbele ya mchanga. Hesabu yake ni nyepesi. Madereva watasimama kunywa. Wakishakunywa, watashuka mchangani.

“Biashara ikilipa, vizuri,” anasema, akitazama juu kwenye kona. “Ila yule mzee sasa ndiye Shahidi Mmoja. Mimi najua inavyouma usiku. Siwezi kumwacha hivyo.”

Anageuza kibao kijani. Magari yanaanza kupanda, naye anaukodolea macho mchanga.