Kengele ya Port Bell

Utotoni tuliambiwa kwamba chini ya majabali ya Port Bell, bandari ya Kampala kwenye Ziwa Victoria, kuna kengele inayopigwa na samaki mkubwa kuliko basi. Niliamini kiasi cha kuapa mbele ya polisi wote wa Wandegeya.

Siku moja tukaenda kuvua huko, marafiki watatu na nyuzi zetu. Mdogo kati yetu akalala kifudifudi ukingoni, sikio likielekea majini.

"Nyamazeni, nyie kasuku! Inalia!"

Akateleza. Ziwa halikumrudisha.

Leo sokoni Kawempe, harufu ya mukene, wale dagaa wa ziwani, ilinisimamisha mbele ya mama wa yule rafiki aliyezama, anayewauza. Nikamwambia kwamba ile kengele bado naisikia.

"Mwanangu," akasema, akijaza kopo, "Bell ni jina la mzungu tu. Kengele haijawahi kuwapo."