King'ora Kisichojua Hodi

Mpangaji wetu alipigwa mlangoni kwa ami yangu akiwa na sahani ya muhogo wa nazi mkononi. Ilikuwa Ramadhani, muda mfupi kabla ya adhana ya magharibi, saa ambayo mtaa wetu wa Mjambere mzima sahani huvuka njia kutoka nyumba hii hadi ile, zimefunikwa kawa za ukindu. Mimi nilikuwa nimetumwa barafu. Mama alikuwa na mafuta motoni, hawezi kuondoka jikoni. Mpangaji ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka machimbo ya mawe kule Mwakirunge, vumbi jeupe limemganda mpaka kwenye kope. Alikuwa mtu wa bara, Mkristo, lakini mwezi ule hata maji aliyanywa chumbani mwake mlango umefungwa, kwa heshima yetu. Akamwambia mama, "Lete hiyo sahani, Mama. Mimi nitapeleka."

Nilikisikia king'ora nikiwa dukani. Kilikuwa cha ami, hakuna mwingine mtaani aliyekuwa nacho. Kabla sijageuka, wanaume walikuwa wameshatoka majumbani. Mmoja alikuja na panga, mwingine na mchi wa kinu, wengine waliokota mawe njiani. Hakuna aliyeuliza. Kwetu king'ora kilikuwa ndilo jibu.

Nilipofika, mpangaji alikuwa chini, miguu imekunjwa tumboni. Mchi ulishuka kwenye mkono wake nikasikia mfupa ukikatika, sauti kavu kama ya kuni. Jiwe lilimpiga sikioni. Damu ilichanganyika na lile vumbi la machimboni, ikawa kama uji. Alikuwa akisema, "Mimi ndio! Mimi ndio!" lakini neno hilo halimwambii mtu kitu, kila mtu ni yeye. Aliyemtambua ni mama. Alitoka jikoni na mwiko mkononi, akajitupa juu yake, akamfunika kwa leso aliyokuwa amejitanda. Pigo lililokuwa njiani likamwangukia mama begani.

"Mpangaji wangu!" alipiga kelele. "Mnaua mpangaji wangu, nyinyi! Nimemtuma mimi!"

Hapo ndipo adhana ikaingia. Wanaume wakatazamana. Mmoja akatupa panga chini, akasema, "Basi mbona alikuwa anavunja mlango?" Wakaenda kufuturu.

Mimi nilikuwa bado nimeshika barafu.

Nina tabia ya kuwaza jambo mpaka linachakaa. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka huo, uhandisi wa umeme, sina kazi, na kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kuwaza mchana kutwa. Nikaanza na huo mlango. Huku pwani mtu hapigi mlango. Hupaza sauti: hodi! Husubiri. Huita ya pili, husubiri, kisha ya tatu. Ya tatu isipojibiwa, hurudi alikotoka. Nilipomtembelea hospitali, mkono umefungwa plasta na sikio la kushoto halisikii tena, mpangaji aliniambia kwao mtu hugonga. Sahani mkono mmoja, ngumi mkono wa pili, akagonga. Hajagonga mara nyingi, king'ora kikalia juu ya kichwa chake. Akashtuka, akakimbia hatua chache na sahani yake.

"Na nani alikibonyeza?" nilimuuliza.

"Si ni mzee mwenyewe? Alinisikia nikigonga, akaogopa."

Daktari alisema ataruhusiwa kutoka baada ya Idi. Hiyo ilikuwa habari njema na mbaya. Vijana wa baraza la kona walikuwa wameshasema wazi, mbele yangu, "Huyo wa bara akirudi, tunamalizia." Walishapiga, sasa ilibidi awe mwizi. Asingekuwa mwizi, wao wangekuwa nani? Nililielewa hilo, likanitia hofu zaidi ya yale mapanga. Mama naye alikuwa ameapa: chumba ni cha mpangaji wake, hatapangishwa mwingine, na atarudi alale humo. Nikaona wazi kwamba siku hiyo kutatoka maiti, ya mpangaji au ya mama.

Nilikwenda kwa ami. Alikuwa amestaafu bandarini, na king'ora kile kilikuwa fahari yake, ametengenezewa na fundi mmoja wa Changamwe. Kisanduku kilitundikwa ukutani barazani, kina jicho jeusi dogo mbele, na rimoti yake ilikaa juu ya rafu ukumbini.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja kwa maneno ya mwizi wenu, keti tunywe kahawa tuzungumze mengine."

"Nataka kujua tu, Ami. Siku ile ulibonyeza wewe?"

"Mimi nilikuwa natawadha. Alibonyeza mke wangu."

Mkewe akaitikia kutoka ndani, "Mimi? Wallahi sijaigusa! Mimi nilidhani ni wewe!"

Ami akaitazama rimoti rafuni. Kisha akasema, "Basi kilijilia chenyewe kwa kumwona mwizi. Ndiyo kazi yake."

Niliomba ruhusa nikakifungua kile kisanduku, ambacho ami hakuwa amekiwasha tena tangu siku ile. Ndani kulikuwa na jicho lililong'olewa kwenye televisheni mbovu, na kutoka kwenye jicho waya zilikwenda moja kwa moja hadi kwenye swichi ya king'ora. Katikati hapakuwa na kitu. Rimoti hutoa mwanga usioonekana, unaopepesa kwa mpango maalumu, na mpango huo ndio kama jina. Katikati panatakiwa kuwe na kidude cha kulisikiliza jina na kuuliza: unamwita nani? Kile king'ora hakikuwa na wa kuuliza. Mwanga wowote uliopepesa ulikuwa ni amri.

Nikageuka kutazama ng'ambo ya njia. Jirani alikuwa ameweka televisheni yake chini ya dirisha, mgongo wake umeelekea njiani. Anayekaa kwenye kochi na kuielekezea rimoti, anaielekezea baraza la ami pia.

"Jirani, hiyo televisheni umenunua lini?"

"Ililetwa siku ile ya mwizi," alisema. "Ndiyo naiwasha mara ya kwanza tuingoje adhana, huku nje vurugu."

Nilimweleza ami. Nilikichomoa king'ora, nikaweka balbu mahali pake, jirani akabonyeza, balbu ikawaka. 

"Balbu si king'ora," ami alisema. "Mtaani hakuna aliyempiga mtu kwa ajili ya balbu. Kama una uhakika, kilize mbele ya watu."

Nilijua ni wazo baya. Niliwaza kila upande. Nikaomba itangazwe msikitini kwetu baada ya sala ya alasiri kwamba kutakuwa na majaribio, mtu asitoke na silaha. Nikapita mwenyewe baraza kwa baraza, pamoja na lile la kona. Wazee wakaja, vijana wakaja, wakasimama mikono kifuani. Nilisimama mlangoni kwa ami, palepale aliposimama mpangaji, ili waone kwamba mimi sina kitu mkononi. Nikapunga mkono, jirani akabonyeza rimoti yake ndani.

King'ora kikalia.

Kwa kitambo kidogo nilifurahi. Kisha nikawaona watu wa upande wa chini, wale wanaosali msikiti mwingine. Sikuwawazia. Walikuwa wanakuja mbio, na walichokiona ni king'ora kinalia na mtu yuko mlangoni. Nilifungua mdomo, na kilichotoka, Mungu ni shahidi, ni "Mimi ndio! Mimi ndio!" Fimbo ikanipiga shingoni. Nilianguka kwa magoti, nikaona kiatu kinakuja, nikasikia jino langu likigonga jiwe. Mtu alinikalia mgongoni, akanishika nywele, na mkono wake mwingine ukapanda juu na kitu ambacho sikutaka kukitazama.

"Mwacheni! Mtoto wa ndugu yangu!" Ami alikuwa amemkamata yule mtu koo kwa mikono miwili, mzee yule. "Hajafanya kitu! Hicho kisanduku kinalia ovyo! Kinalia ovyo, mnasikia?"

Wakasikia wote. Vijana wa kona walikuwa wamesimama palepale, mikono imeanguka ubavuni. Mmoja wao, mwenye mchi siku ile, akatapika karibu na mtaro.

Niliposhonwa mdomo nilianza kazi. Jirani mwingine, anayefanya kazi hotelini Shanzu, aliniletea rimoti ya feni iliyotupwa pamoja na pokezi lake, kile kidude cha kusikiliza jina. Kila kimoja kilikuwa na swichi nane ndogo kama meno, za kupanda au kushuka, na pande zote mbili lazima zifanane. Kuchagua kulinichukua muda kuliko ilivyostahili. Zote chini sikutaka, kwa sababu hivyo ndivyo zinavyotoka kiwandani na wengi huziacha hivyo. Zote juu nazo, waya ukikatika huenda ukasomeka hivyo. Moja juu moja chini niliiona nyepesi mno, mwanga wa taa mbovu unaweza kuiigiza. Nikachagua mpango usio na sura wala ulinganifu, nikalifunga pokezi kati ya jicho na swichi ya king'ora. Kisha nikaazima rimoti za mtaa mzima, televisheni, video, redio, nikazibonyeza moja moja mbele ya jicho, balbu mahali pa king'ora. Haikuwaka.

Lakini kilichonipa usingizi ni tabia ya kile kidude chenyewe. Hakikubali kwa kuitwa mara moja. Kilitaka kusikia jina lilelile mara tatu mfululizo. Nilipomwambia ami, alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Hodi tatu," alisema. "Kumbe chombo kina adabu."

Mpangaji alirudi siku ya tatu baada ya Idi, amekonda. Hakuna aliyemgusa. Wapo waliomwamkia, na walioingia ndani wasije wakamwamkia. Jioni mama akapakua pilau, akafunika kawa, akataka kunipa mimi.

"Nipe, Mama," mpangaji alisema. "Ile ya kwanza haikufika."

Nilimfuata kwa nyuma.  Nilikuwa nawaza kutu kwenye swichi, nawaza mjusi kwenye waya. Televisheni ya jirani ilikuwa imewashwa. Kwenye baraza la kona maneno yalikatika. Mpangaji alisimama mlangoni kwa ami, akaitazama ngumi yake, akaishusha.

"Hodi."

Jirani akabadilisha stesheni, nikaona rangi zikigeuka ukutani mwake. Kisanduku kimya.

"Hodi."

Nilimsikia ami akikohoa ndani. Alikuwepo. Sauti ya mpangaji ilikuwa nyembamba ajabu kwa mtu anayekata mawe.

"Hodi."

"Karibu," ami alijibu, na mlango ukafunguka.

Walipokezana sahani. Ami alimsihi aingie, akamshika mkono ule mzima. Mpangaji akashukuru, akasema siku nyingine, inshallah, neno alilojifunza kwetu. Kisha akaanza kurudi kinyumenyume, uso kwa mlango, macho kwenye kile kisanduku, mpaka alipofika katikati ya njia. Hapo ndipo alipogeuka.