Eda Mbali na Kaburi

Asubuhi ile tulikuwa tunagombana kuhusu chupa za chai. Nilikuwa nimezipanga kwa rangi, nyekundu na nyekundu, buluu na buluu, na Musa, mwenye duka, akawa anazichanganya makusudi ili nikasirike. Mkewe, Yulan, alicheka nyuma ya meza ya kuuzia. Walikuwa Wachina Waislamu. Duka lao la vyombo na mashuka lilikuwa katika mji mmoja wa mashariki mwa Kongo, nami nilikuwa mkalimani wao. Kichina nilijifunza mwenyewe nyumbani, kijijini Masoko, Tanzania, kwa simu, nikirudia sentensi moja mpaka mama anihame akakae jikoni.

Wapiganaji, watu walisema, wako mbali. Tuliendelea kupokea mzigo.

Mlio wa kwanza ulitoka upande wa sokoni. Nilidhani lori limemwaga mabati.

Wa pili ulizima umeme.

Musa alitoka uani kufunga geti. Risasi ilimpata shingoni, funguo bado mkononi.

Alifia pale pale.

Tulimvuta kwa miguu mpaka stoo. Nimejaribu kuiandika sentensi hiyo kwa heshima zaidi na kila mara naifuta. Ndivyo ilivyokuwa.

Risasi zilipopungua, Yulan alianza kumwosha. Bomba lilikuwa kavu, tukafungua maji ya chupa yaliyokuwa ya kuuza. Mimi ni Mkristo, Mmoraviani. Nilimimina pale aliponiambia nimimine. Shuka jeupe halikuwepo. Mashuka yote dukani yalikuwa na maua, akayageuza nje ndani, upande ambao maua yalikuwa yamefifia. Tulichimba uani kwa koleo moja na sufuria. Upande wa kibla aliujua kwa pale Musa alipokuwa akitandika mswala.

Hakuna aliyekuja. Sijamaliza kukasirikia jambo hilo. Kwetu Rungwe mtu akifa, uwanja unajaa kabla hujajua umwambie nani. Musa alizikwa na wanawake wawili, na nje ya ukuta wanaume walikuwa wanauana kwa ajili ya mji ambao hata majina ya mitaa yake hawakuyajua.

Kesho yake tulipata nafasi juu ya lori lililojaa watu, na baada ya siku kadhaa tukaingia Tanzania. Upande huu wa mpaka Yulan hakuwa na mtu isipokuwa mimi, na mimi sikuwa na pa kumpeleka isipokuwa Tukuyu, mji wetu wa Rungwe.

Alitaka kitu kimoja tu: kukaa eda. Miezi minne na siku kumi, ndani ya nyumba moja, kama mjane wa Kiislamu anavyotakiwa.

"Sijamlilia," aliniambia. "Tangu siku ile ni kukimbia tu. Nataka nikae mahali nimlilie mpaka iishe."

Nilipiga simu Dar es Salaam, kwa umoja wa Wachina wanaowasaidia wenzao wanaohamia nchini. Nilikuwa nimeandika kila nitakachosema ili nisikosee. Mtu aliyepokea alikuwa mpole. Chumba kilikuwepo, darasa la Kiswahili lilikuwepo, kazi ya bohari, hata mtu wa kumfuatilia kibali. Ila aje wiki hiyo hiyo, chumba kinagombewa.

"Yuko eda," nikasema. "Mumewe ameuawa."

"Pole sana. Mwambie atapumzika akifika."

"Hapumziki, kaka. Anaomboleza. Hawezi kuhama hama."

"Dada, sote tumefiwa. Maisha yanaendelea."

Nilitaka kuibamiza simu. Simu za siku hizi unazigusa kwa kidole tu, hasira inakubakia mkononi.

Mjini kwetu nako hakukuwa na nafuu. Nilipopita sokoni kuomba chochote, mama mmoja muuza viazi alicheka mpaka akashika kiuno.

"Mchina anachangiwa? Si ndio hao wanajenga barabara? Kamuulize hela kaficha wapi!"

Nilimjibu. Jibu lenyewe siliandiki hapa.

Aliyetupokea ni Bi Zuhura, fundi cherehani wa Bagamoyo, si ule mji wa pwani ila kata ya hapa Tukuyu, ingawa babu yake kweli alitoka huko. Hakuuliza kuhusu barabara. Alitoa chumba cha nyuma, na wanawake wa msikitini wakagawana zamu za chakula.

"Na karatasi zake?" nilimuuliza. Nilikuwa silali kwa ajili ya karatasi.

"Uhamiaji tutampeleka mchana na tutarudi mchana. La lazima halivunji eda. Wewe mtoto una wasiwasi kama kuku aliyeona mwewe. Kaa ule."

Kisha mjomba wangu Asukile akaja kutoka Masoko, na wazee wawili, mkungu wa ndizi na kuku aliyekwisha kunyonyolewa. Kwetu ndivyo unavyompa mtu pole. Unaingia, unamshika mkono, unakaa naye. Wala humpelekei taarifa kwanza.

Bi Zuhura aliwasimamisha barazani. "Karibuni baba zangu, lakini mwisho wenu hapa. Mwanamke wa eda haonani na wanaume."

"Tumetoka Masoko na jua hili, unatufungia mlango? Msiba gani hauingiliki?"

"Wa Kiislamu. Na huyo kuku kachinjwa na nani?"

"Na mimi! Kwani kuku ana dini?"

Ndani mwanamke mmoja alicheka. Mimi nilipasuka. Nilimpigia kelele mjomba wangu mwenyewe, mbele ya watu, kwamba mwanamke huyu amemzika mumewe kwa sufuria na wao wamesimama wanabishania kuku. Nikamgeukia na Bi Zuhura, nikamwambia kama hawa hawaruhusiwi kumlilia mtu, basi nani aliyebaki?



Bi Zuhura alizunguka nyuma, akafungua dirisha la chumba na kuliteremsha pazia. "Njooni mseme hapa," alisema. "Pole haihitaji uso."

Mjomba alivua kofia, akasimama karibu na dirisha.

"Ndaga, pole, mwanangu. Mumeo hatukumjua. Tumekuja hivyo hivyo."

Nikatafsiri. Nyuma ya pazia Yulan akaanza kulia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu tumzike Musa uani kule. Wazee wakaketi kwenye majani mpaka aliponyamaza. Ndizi tukapokea. Kuku alirudi Masoko.

Wiki hiyo mtu wa Dar es Salaam alipiga tena kutuarifu kwamba chumba kimepata mwingine, na kazi pia. Yulan aliposikia alitikisa kichwa tu na kuendelea na tasbihi yake.

Eda ilipokwisha, wanawake walimwogesha, wakamvika gauni ambalo Bi Zuhura alilishona kwa vipimo vya kukisia. Nilikuwa mlangoni nikingoja atoke pale ujumbe ulipoingia kwenye simu yangu. Ulitoka kwa jirani wa lile duka la Musa, kule Kongo. Wapiganaji wamelifanya kituo chao. Uani wamemwaga zege, wanaegesha magari. Alituma na picha.

Yulan alitoka, akaniangalia usoni.

"Nioneshe."

Aliikuza picha kwa vidole viwili. Akaisogeza mpaka penye kona, pale pale tulipomzika Musa.

"Zege lao ni nene?"

"Sijui, dada."

"Magari mazito hayo. Litakuwa nene." Akanirudishia simu. "Basi mbwa hawatamfukua."

Bi Zuhura aliuliza amesema nini. Nilimtafsiria neno kwa neno, na yeye akaketi kizingitini.

Sasa Yulan anashona barazani kwa Bi Zuhura na anapatana bei kwa Kiswahili. Watu huniambia nishukuru, mgeni wangu ametulia. Ni kweli, ametulia. Na kila gari linaloingia uani kule linapita juu ya Musa.