Saini ya Friji

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, katika maabara ndogo nyuma ya kliniki. Kuyeyusha nta, kupanga meno kumi na manne kwenye taya la plasta, kusugua mpaka yang'ae. Kwa miaka kumi na tisa mkono wake haukuwahi kutetemeka. Wenzake walimwita Mama Tabasamu, kwa utani, maana mwenyewe hakuwa mtu wa kucheka ovyo.

Asubuhi ile aliharibu mataya mawili kabla ya chai.

Mwenye nyumba waliyopanga alikuwa ameamua kuiuza, na aliwapa wao nafasi ya kwanza. Mumewe, fundi wa lifti, alifurahi kupita kiasi. Akawa anapima kuta kwa futi kana kwamba ni zake tayari. Kianzio walikuwa nacho. Benki ilitaka ripoti za mikopo, ya kila mmoja wao. Ya mume ilitoka safi.

"Sasa bado yako tu, Mama Watoto," alimwambia akifunga kamba za viatu. "Wewe ambaye hujawahi kukopa hata chumvi."

Ripoti ikaingia kwenye simu asubuhi ileile, akiwa kazini. Alama zake zilikuwa chini kabisa, zimeandikwa kwa rangi nyekundu. Chini yake: mdhamini, mkopo wa friji ya biashara, haujalipwa miezi kumi na mmoja. Akaketi juu ya gunia la plasta.

Friji ilikuwa ya mdogo wake, aliyefungua kibanda cha soda miaka miwili nyuma. Siku alipokuja kuomba mdhamini, mumewe alisema waziwazi, "Shemeji nampenda, lakini saini yako usimpe. Nakuomba." Akaitikia sawa. Siku ya tatu akaenda akatia saini.

Hakuogopa kupigwa, mumewe hajawahi hata kumwinulia sauti. Aliogopa kimya chake. Mwanamume yule aliwahi kudanganywa na kaka yake wa tumbo moja, na tangu hapo hajasema naye, mwaka wa nane huo. Wakikutana msibani, anampa mkono na kutazama pembeni.

Mchana aliomba ruhusa akaenda kwa mdogo wake. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Alimkuta nyumbani, na friji ipo sebuleni, ndani yake mashati yamekunjwa vizuri.

"Dada, nilikuwa nakuja kukuambia."

"Lini? Nikishazikwa?"

"Mota ya friji iliungua. Nikaona aibu."

Alitaka kumtukana, akajikuta analia, na mdogo wake naye akalia.

Karani wa kampuni ya mikopo hakuwa na maneno mengi. Deni lilipwe lote, wapewe barua ya kumaliza, nakala ipelekwe kwenye ofisi ya taarifa za mikopo. "Halafu usikope tena popote, hata kwenye simu. Lipa kila bili siku yake. Alama zitapanda, lakini polepole."

"Na hii ya kuchelewa itafutika?"

"Itakaa miaka kadhaa, mama. Atakayefungua ataiona."

Hapo ndipo hofu ilipohamia kwake moja kwa moja. Mdogo wake alipata kibarua cha kuosha magari, kila Jumamosi akamletea alichopata. Yeye akachukua kazi za kliniki nyingine, akauza na hereni zake. Simu ikiita, anatoka nayo nje. Mumewe akiuliza ripoti, anajibu mtandao wao unasumbua, kisha anaingia jikoni kuosha vyombo visafi. Alikonda hadi sketi zikamzunguka.

"Unaumwa?" mumewe akamuuliza siku moja, akimshika paji la uso.

"Uchovu tu." Mkono ule wa upole ulimtisha kuliko karani.

Mwezi wa nne deni likaisha. Mwezi wa sita alama zikatoka kwenye nyekundu, na mwenye nyumba akasema hawezi kusubiri zaidi. Wakaenda benki, wakaketi kwenye benchi na karatasi yao, namba arobaini na tatu. Ilipoitwa arobaini na moja, akautazama mlango wa ofisa. Kule ndani ofisa angegeuza kioo cha kompyuta na mumewe angejisomea mwenyewe.

"Baba Watoto, nilitia saini."

"Saini gani?"

"Ya friji."

Akamweleza yote kwa pumzi moja, pamoja na uongo wa mtandao. Mumewe hakugeuka. Namba yao ikaitwa, hakuinuka. Ikaitwa tena. Akasimama, akaingia bila kumtazama, na yeye akamfuata.

Ofisa alisema alama zinatosha kwa shida. Watapewa mkopo, ila kwa ile rekodi ya kuchelewa, kianzio kiongezwe na riba iwe juu kidogo. Mume akatia saini. Mke naye akatia, kwa mkono uliotetemeka hata ofisa akamwomba arudie.

Siku kumi na moja nyumba ilikuwa kimya. Mume alikula, alikwenda kazini, aliitikia salamu za watoto. Mke akawa anahesabu: leo ya tano, leo ya nane, ndiyo miaka minane imeanza. Ya kumi na mbili, mke akianika nguo, mumewe akaja akasimama upande wa pili wa kamba.

"Ile friji ningeitengeneza mimi," alisema. "Mota ni kazi yangu. Hukunipa nafasi."

"Niliogopa."

"Najua. Hicho ndicho kinachoniuma, kwamba unaniogopa." Akachukua kibanio, akabana shati. "Mwambie shemeji ailete Jumapili. Sijamsamehe, wala wewe bado. Lakini ailete."

Jumapili mdogo wake alifika na friji juu ya mkokoteni, akabaki nje ya geti, hathubutu kubisha. Mumewe akatoka na bisibisi mfukoni. Walitazamana.

"Shika huko chini," akamwambia. "Na uangalie vidole."