Anayapiga picha madimbwi kabla ya kuyafagia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katikati ya jiji la Nairobi, Munyiva Kitavi amelala kifudifudi juu ya gunia nje ya jumba la ofisi. Simu ameigeuza kichwa chini, kamera ikikaribia kugusa maji ya mvua ya usiku. Mpita njia mmoja anasimama kumuuliza kama ameanguka.

"Niko sawa, dadangu! Pita tu na huko, usikanyage maji!" anajibu bila kuinua kichwa.

Munyiva, 34, ni mfagiaji. Mvua ikinyesha, kazi yake ni kuyasukuma maji yote hadi mtaroni kabla ya saa moja, wenye ofisi wasije wakalowesha viatu. Na kitu anachokipenda kuliko vyote, ukimwondoa bintiye Mukai, ni kupiga picha za majumba, miti na mawingu yanavyoonekana ndani ya maji hayo hayo. Unaona taabu yenyewe.

"Nikipiga picha sana, kazi inalala. Nikifanya kazi sana, picha inaenda kwa mtaro," anasema, kisha anaangua kicheko.

Uraibu huu ulimwingia miaka mitatu iliyopita, akitoka kwake Kabiria kwenda kazini. Pale Dagoretti Corner mvua ilikuwa imejaza shimo la barabara, na ndani yake akaona mjakaranda mzima, maua na yote. Akaupiga picha kwa simu aliyoinunua mkono wa pili kwa Sh6,500. Leo ana picha zaidi ya mia sita: za mtoni, za vioo vya maduka, hata moja ya kanisa lao ndani ya beseni la kufulia.

Simu hiyo imeshatumbukia majini mara mbili. "Niliiweka kwa mchele usiku mzima. Asubuhi ikawaka, na huo mchele tukapika."

Mwezi huu mambo yamepamba moto. Lornah, mwalimu wa sanaa aliyeziona picha zake mtandaoni, anaandaa maonyesho katika ukumbi wa kanisa huko Loresho, mtaa wa matajiri. Amempa Munyiva ukuta mzima, picha kumi na mbili. Kumi na moja zipo. Ile ya mwisho, anayoitaka ikae katikati, kubwa kuliko zote, ni ya jumba hili analolifagia, jua likigusa kilele chake. Siku ya mwisho kuipeleka ni kesho, na mvua za msimu zinakatika.

Jumatatu alipata dimbwi safi kabisa. Akaushika mpira wa kusukumia maji ili auweke kando, na kabla hajakumbuka, mkono ukawa umelifagia lote.

"Nililia, nakuambia ukweli. Miaka nane huu mkono unajua kitu moja tu. Ukiona maji, sukuma!"

Ndiyo maana leo vifaa vyote ameviacha kwa mlinzi wa lango.

Jua linachomoza. Ghorofa ya juu inashika rangi ya dhahabu, na chini majini vilevile. Hapo hapo anatokea msimamizi wake, Kihara, mpira begani.

"Mama Mukai! Hiyo maji bado iko hapa?"

"Mzee, dakika mbili tu! Usisonge! Ukisonga inatikisika!"

Kihara anaganda, mguu mmoja hewani. Upepo unatulia. Munyiva anabonyeza, anabonyeza tena, halafu anaruka juu akipiga kelele za furaha, ovaroli imelowa kifuani. Anamwonyesha. Jumba lote limo, linang'aa, na pembeni kipo kiatu cha Kihara.

"Hii ndio nyumba sisi huosha?" Kihara anauliza. Anaitazama kwa muda, kisha anayasukuma maji yeye mwenyewe.

Munyiva ameshamwomba Lornah jambo moja: maonyesho yafunguliwe Jumapili alasiri, wakati wafagiaji wenzake hawako kazini. Amekubaliwa. Wanane wamesema watafika, na Kihara ameuliza avae nini.

"Wengi wetu tumewahi kuingia Loresho kufanya usafi peke yake," anasema Munyiva. "Hiyo siku nataka tuingie na mlango ya mbele, tuangalie kazi yetu kwa ukuta, tukunywe chai, alafu twende nyumbani. Vikombe waoshe wao."