Mtaa Tulioonyeshwa Jumapili

Nilifunga safari kwa sababu ya barua. Mashine za kuchuma majani chai zilipoingia katika shamba letu upande wa Bomet, wanawake saba tuliambiwa kazi imekwisha, na nyumba za kampuni tuzirudishe kabla ya mwezi kwisha. Mimi nimebeba kikapu mgongoni miaka kumi na sita. Niliisoma barua mara mbili nikitafuta neno asante, halikuwemo.

Wenzangu wakanituma nikatazame mtaa mpya nje kidogo ya mji wa Kericho. Tangazo lilisema nyumba za familia, shule karibu, uwanja wa watoto. Sisi saba tuna watoto kumi na tisa, kwa hiyo tulichotaka kujua ni kimoja tu: je, watoto watakuwa salama? Wakala wa nyumba hizo, Bwana Langat, aliniambia kwa simu nije Jumapili, siku nyingine ana shughuli.

Jumapili asubuhi niliacha kanisa, nikachukua boda mpaka lami, nikapitia Litein hadi Kericho. Njia nzima chai ilikuwa kimya. Hakuna mchumaji, ni kwaya tu na sare zao wakielekea ibadani. Nilifurahia utulivu huo, mjinga mimi.

Saa sita nilifika. Bwana Langat alikuwa langoni na suti yake na mwavuli.

"Karibu mama. Angalia mwenyewe. Hapa ni pahali ya familia. Watoto wanacheza mpaka wanasahau chakula."

Ni kweli walikuwa wakicheza. Uwanja ulikuwa na magoli mawili na nyasi, na katikati alama za magurudumu zilizojaa maji. Nilipouliza, alinijibu ni trekta ya kukata nyasi. Shule ilionekana ng'ambo ya barabara. Nyuma ya miti niliona bomba la kiwanda cha chai, halitoi moshi, nikasema moyoni hewa ya hapa ni safi. Nyumba zilikuwa na maji ya mfereji ndani. Nikampigia simu Mama Brayo, mmoja wetu saba na jirani yangu kule kambini, kwenye nyumba za kampuni, nikamwambia wafunge vitu.

Saa nane mvua ya Kericho ikamwagika pamoja na mawe. Bwana Langat aliingia garini mwake akaondoka, nami nikajikinga kwa mama mmoja anayefuga ng'ombe wawili nyuma ya nyumba zile. Anaitwa Mama Cheruto. Alinipa chai ya maziwa, akaniangalia.

"Umekuja kuona nyumba? Na huyo alikuambia ukuje Jumapili, ama?"

"Ndiyo, Jumapili."

"Basi lala hapa. Kesho uone na macho yako."

Mvua haikukatika, nikalala kwake.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tulisimama langoni mwake. Lori la kwanza lilikuwa la kuni za kiwanda, limejaa hadi kamba zinalia. Yakafuata malori matupu yanayokimbilia vituo vya kupimia majani, moja nyuma ya jingine. Barabara haina njia ya miguu. Watoto wa shule walikuwa wakiruka mtaro na kujibana kwenye ua, lori linapita, wanarudi barabarani. Mjukuu wa Mama Cheruto, msichana wa miaka minane, alinieleza kwa utaratibu kama mtu anayefundisha mgeni.

"Hiyo ya bluu ukiisikia unaruka haraka. Preki yake ni mpaya."

Mtoto wa miaka minane anajua breki za malori kwa sauti!

Saa nane mchana, wadogo walipotoka shule, uwanja wa watoto haukuwepo tena. Malori yaliyojaa majani yalikuwa yamepanga foleni humo, kutoka goli hadi goli, yakingoja kuingia kiwandani, na watoto wanapenya katikati ya magurudumu. Bomba lilikuwa linafuka moshi mzito. Hapo nilijikasirikia mwenyewe kuliko mtu yeyote. Kwetu hata mtoto wa chekechea anajua Jumapili majani hayapimwi. Mimi, mchumaji wa miaka kumi na sita, nilikuja kupima barabara ya kiwanda siku ambayo kiwanda kimelala.

Nilimkuta Bwana Langat mjini akila. Nilimwambia yote, sikupunguza sauti.

"Mama, watoto huzoea," alisema. "Na kwani wewe si mtu wa majani? Si ulijua?"

Swali hilo ndilo lililonichoma.

Jumatatu jioni nilirudi kambini nikakuta magodoro yamefungwa kamba, watoto wameaga walimu. Nilipowaambia hatuhamii kule, Mama Brayo aliketi juu ya godoro lake.

"Kwani ulienda kuangalia nini?"

Alikuwa na haki. Hakunisalimia siku mbili. Bado hatuna nyumba, na tarehe ya barua haingoji mtu. Hata hivyo singesema vingine. Ukitaka kujua kama mtaa unafaa watoto, nenda siku ya kazi, simama barabarani saa ya kwenda shule na saa ya kutoka, uwaulize watoto wenyewe wanaogopa nini. Rangi ya ukuta na maji ya mfereji utayaona baadaye.

Wiki iliyofuata Bwana Langat alinipigia simu, sauti imejaa furaha.

"Umechelewa mama. Nyumba zote zimechukuliwa, watu wa Mulot. Wako na watoto wengi kukushinda."

Nilimuuliza walikuja kutazama siku gani. Akakata simu.