Nywele za Mujukuu Wangu

Mujukuu wangu wa miaka minne, kila nikimusuka, nywele zilikatika mukononi kama majani makavu. Minye, kwa ujinga wangu, nilizifunga kwenye kitambaa nikamupelekea pasta aziombee. Akasema mutoto ni mulozi, afungiwe kanisani siku tatu bila kula.

Nikakimbia naye hospitali. Daktari akaniita kambo, yaani bibi, akasema: “Kambo, jeni ni kama maandishi mwilini, na kuna protini inayoanzisha kuyasoma. Protini hiyo ya mutoto iko na nguvu kidogo, ndiyo maana nywele zinakatika. Si ulozi.”

Jioni bamama wa maombi wa kanisa la pasta wakaja kwangu kumuchukua, wamufungie. “Kambo, utupe mutoto.”

Nikakaa mulangoni pa nyumba, na minye niko munene, sifichi. “Mupite juu yangu, basi.”

Waliimba pale mpaka sauti zikakauka, kisha wakaenda. Mutoto alikula ugali wake.